Deni la Gurudumu la Tatu

Mwanzoni mwa karne ya 20, riksho ya Kolkata ilivutwa na mtu mmoja. Riksho ya Shimla, mji ulio kwenye milima ya Himalaya kiasi cha mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako watawala wa Kiingereza walikimbilia pindi joto la nyanda za India lilipowazidi, ilihitaji wanaume wanne na mara nyingine watano: wengine walivuta mbele, waliobaki walisukuma nyuma. Umbo la chombo lilikuwa lilelile, na abiria wa Shimla hakuwa mzito kuliko wa Kolkata. Watu watatu au wanne wa ziada waliletwa na mwinuko. Miaka hiyohiyo Mombasa ilikuwa na troli zake, viti vyenye kivuli juu ya reli nyembamba, vikisukumwa kwa mikono kati ya Kilindini na mji wa kale, na aliyetaka kujua njia ilipanda wapi angeweza kutazama migongo ya wasukumaji. Naanza na watu hawa kwa sababu historia ya vyombo vidogo vya abiria huandikwa kama historia ya bei nafuu: maskini alihitaji usafiri, kiwanda kikamtengenezea kitu rahisi, basi. Nadhani simulizi hilo linaacha jambo lililo kubwa zaidi. Kila mara gurudumu la tatu lilipoongezwa kwenye skuta, liliongezwa kwa sababu njema, iwe mzigo, abiria au utelezi wa barabara. Na kila mara lilikuja na uzito ambao mlima uliudai. Viwanda vilivyolipa deni hilo kwa gia au kwa injini vilidumu. Vilivyojaribu kulikwepa vilishindwa, au vilijifungia kwenye kumbeba mtu mmoja. Na anayenunua leo skuta ya magurudumu matatu iliyokwisha kutumika, akikusudia kumpakia mwenzake na kupanda vilima, anarithi deni hilo pamoja na ufunguo.

Skuta tunayoizungumzia ilizaliwa Pontedera, Toscana, katika kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege. Kampuni ya Piaggio ilianzishwa mwaka 1884 huko Sestri Ponente, pembeni mwa Genova, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda chake cha Pontedera kilitengeneza ndege za kivita, kikapigwa mabomu mpaka kikawa magofu. Vita vilipokwisha Italia haikuruhusiwa kuendelea na kazi ile, na Enrico Piaggio alikuwa na wafanyakazi wasio na kazi mbele ya nchi isiyo na magari. Alimpa kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyezaliwa Popoli katika milima ya Abruzzo, mtu aliyekuwa amejijengea jina kwa helikopta. Vespa, yaani nyigu, ilisajiliwa tarehe 23 Aprili 1946. Ilikuwa na injini ya cc 98, nguvu za farasi 3.2, na uzito wa kilo 60 hivi. Mtu mzima akiipanda peke yake, jumla haikufika kilo 140. Ukitaka kuelewa kwa nini chombo dhaifu namna ile kiliweza kupanda mitaa ya miji ya Italia iliyojengwa juu ya vilima, jibu ni hilo tu: hakikuwa na kitu cha ziada cha kubeba. D'Ascanio aliijenga bodi yake kwa bati lililokunjwa, kama wanavyojenga ndege, na kilo aliyoipunguza ilikuwa kilo ambayo injini haikuibeba.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1948, ukaja uzao wa pili: Ape, maana yake nyuki, mdudu mfanyakazi. Mbele ilikuwa Vespa ile ile, na usukani wake wa pikipiki. Nyuma palikuwa na ekseli yenye magurudumu mawili na jukwaa la kubebea mzigo wa kilo 200. Injini ilikuwa ya cc 125, nguvu zake hazikufika farasi 5. Hapa ndipo deni linapoonekana wazi, na linaweza kupigiwa hesabu na yeyote. Chukua mwinuko wa asilimia 10, yaani njia inayopanda mita 10 kwa kila mita 100. Vespa ya mwaka 1946 na dereva wake mmoja ilihitaji nguvu ya farasi mmoja na nusu hivi kuupanda kwa kilomita 30 kwa saa, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano. Ilikuwa nayo, na ikabaki. Sasa weka Ape yenye mzigo wake kamili na dereva, na hata ukikikisia chombo chenyewe kwa kilo 150 tu, jumla inapita kilo 420. Mwendo uleule katika mwinuko uleule unadai karibu farasi 5, na hao injini haikuwa nao. Chombo kile kisingeweza kupanda kwa mwendo wa mzazi wake. Kingeweza kupanda kwa nusu ya mwendo huo, na kwa nusu hiyo kilihitaji gia fupi, ambayo ilikinyima kasi hata pale barabara ilipokuwa tambarare.

Atatokea wa kupinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: Ape ilishinda vilima vya Italia. Ilipanda Liguria, ikapanda Amalfi, ikabeba zabibu, saruji na makabati kwenye vichochoro ambavyo lori halikupita. Kama mlima ni mdai mkali hivyo, mbona nyuki huyu alipita miaka zaidi ya 70? Najibu kwamba alipita kwa kulipa, na sarafu aliyolipia ilikuwa mwendo. Ape ya kwanza haikuzidi sana kilomita 40 kwa saa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu haikushindana na gari. Ilishindana na mkokoteni, punda na mgongo wa mtu, na mbele ya hao kilomita 15 kwa saa kwenye kilima ilikuwa neema. Kipimo cha chombo ni kile kilichokuwa kikitumika jana yake. Hata hivyo tazama kiwanda chenyewe kilifanya nini katika miaka iliyofuata: injini ikapanda hadi cc 150 na zaidi, na katika miaka ya 1960 ikatoka mbele kwa dereva na kuhamishiwa nyuma, katika toleo lililoitwa MP, vifupisho vya maneno ya Kiitaliano yenye maana ya injini ya nyuma. Hilo lilimpa dereva nafasi na utulivu, lakini mlimani lilifanya jambo jingine: uzito wa injini sasa ulikalia magurudumu yale yanayosukuma. Chombo kinachopanda huku mbele kikiwa kizito na nyuma kitupu huchezesha matairi kwenye kokoto. Kilicho kizito nyuma huuma barabara.

Kuhusu abiria wawili, Italia inatupa mfano ulio bora kuliko yote, nao ni kisiwa cha Ischia katika ghuba ya Napoli. Ischia ni mlima uliotoka baharini. Kilele chake, Epomeo, kina mita 789, na barabara zake huzunguka ubavu wake zikipanda na kushuka bila kupumzika. Huko Ape ya abiria iliyoitwa Calessino, yenye kiti cha nyuma na paa la turubai, ikawa teksi ya kisiwa, kama ilivyokuwa pia katika sehemu nyingine za watalii. Watalii hawakuwa na haraka. Mandhari ndiyo waliyoilipia, na mwendo wa taratibu ulikuwa sehemu ya bidhaa. Linganisha na Ape 50 iliyotoka mwaka 1969, ambayo sheria ya Italia iliihesabu kuwa baiskeli ya injini na hivyo kuwaruhusu hata vijana wa miaka 14 kuiendesha: hiyo ilikuwa ya dereva peke yake. Injini ya cc 50 yenye gurudumu la tatu na mwenzako pembeni ingekuwa ahadi ambayo mlima wowote ungeivunja, na sheria, kwa sababu zake yenyewe, ilizuia ahadi hiyo isitolewe. Tutaiona sheria ya namna hii tena, Japani.

India ndiko gurudumu la tatu lilikopata jina ambalo sisi tunalijua. Kampuni iliyokuja kuitwa Bajaj Auto ilianza mwaka 1945 kama kampuni ya biashara, ikaingia katika kuagiza skuta na vyombo vya magurudumu matatu kutoka nje mwaka 1948, na mwaka 1959 serikali ya India ikaipa leseni ya kuvitengeneza nchini, kwa mkataba na Piaggio. Mkataba huo ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 haukufanywa upya, na Bajaj ikaendelea kwa jina lake. Mpinzani wa Vespa, yaani Lambretta ya Innocenti kutoka Milano, naye alihamia India: mitambo yake iliuzwa kwa kampuni ya serikali iliyoanzishwa Lucknow mwaka 1972, ambayo skuta za magurudumu matatu iliziita Vikram. Wahindi walipokea wazo la Kiitaliano la kubeba mzigo wakaligeuza kuwa la kubeba watu, na walipofanya hivyo walibadilisha masharti. Mfuko wa saruji hauulizi utafika saa ngapi. Abiria huuliza. Kwa muda mrefu jibu la Bajaj lilikuwa injini ndogo inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, ya cc 145 hivi, nyepesi, rahisi kufunguliwa na fundi yeyote, yenye moshi wa buluu. Hewa ya Delhi ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamuru vyombo vya abiria vya mji huo vihamie nishati safi, na katika miaka iliyofuata injini ile ya oili ikaanza kuondoka, ikachukuliwa na injini ya karibu cc 199 yenye oili yake peke yake. Watu husimulia mabadiliko hayo kama habari ya moshi, na ni kweli. Lakini injini mpya ilivuta vizuri zaidi katika mzunguko wa chini, pale dereva anapotoka gia namba mbili kurudi namba moja katikati ya kilima na watu watatu nyuma yake, na kwa hiyo sehemu ya deni ilipunguzwa na watu waliokuwa wakishughulikia hewa.

Chombo hicho ndicho kilichoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Upande wa Kenya kikaitwa tuktuk, jina lililotoka Thailand ambako vyombo vya aina hiyo vilianza na pikapu ndogo za Kijapani za magurudumu matatu. Tanzania kikachukua jina la kiwanda na kuwa bajaji, neno ambalo leo lina wingi, lina madereva, lina vijiwe na lina mikataba ya kulipa hesabu kila jioni. Sheria ya Tanzania ilikitambua rasmi kama chombo cha kubeba abiria pamoja na bodaboda mwaka 2009, na kanuni zake zikafuata mwaka 2010. Hapa mpinzani wangu anarudi na ushahidi wa nyumbani. Bajaji, atasema, zinapandisha Iringa kutoka Ipogolo, chini kabisa kwenye barabara kuu, hadi mjini juu ya mlima. Zipo Mbeya, zipo Mwanza kwenye majabali. Na hazibebi watu wawili bali watatu, na wakati mwingine mtoto, kuku na gunia la mkaa. Mlima umemdai nani? Basi tupige hesabu tena. Bajaji ya petroli ina uzito wa kilo 350 hivi. Ongeza dereva na abiria wawili, jumla inakaribia kilo 560. Katika mwinuko wa asilimia 10, kwa kilomita 20 kwa saa, inahitaji farasi 4 na kidogo. Kwa kilomita 40 inahitaji zaidi ya 8. Injini ina kama 10, na kabla nguvu hazijafika barabarani, gia na difu zimechukua sehemu yake. Kwa hiyo inapanda, ndiyo, kwa mwendo wa kilomita 20. Kila mtu barabarani huko anajua mlio wake inapopanda: namba moja, akseleta mpaka mwisho, na foleni ya magari nyuma. Chombo kinapanda kwa sababu kilijengwa na gia ya kupandia, na kinacholipwa ni muda wa abiria, mafuta, klachi na ringi za pistoni. Deni halikufutwa, limegawanywa kati ya watu wengi, na mwenye bajaji ndiye hupokea hati ya mwisho siku fundi anaposhusha injini.

Kufikia hapa nimezungumzia ukoo mmoja, ule wenye magurudumu mawili nyuma, ambao haulali kwenye kona. Upo ukoo mwingine, na ndio hasa anaoukusudia msomaji anayetaka skuta ya kupanda na mwenzake kwa raha zake. Wazo lake ni la Mwingereza George Wallis, ambaye katika miaka ya 1960 alisajili ubunifu wa chombo cha magurudumu matatu kinacholala kwenye kona kama pikipiki huku ekseli ya magurudumu mawili ikibaki chini imetulia. Kampuni ya BSA ya Birmingham ilinunua haki, na mwaka 1970 ikatoa Ariel 3. Ilikuwa na injini ya Kiholanzi isiyofika cc 50, ikiendesha gurudumu moja tu kati ya mawili ya nyuma. BSA ilitarajia kina mama wa Uingereza waende nayo sokoni. Hawakuitaka. Kampuni ilipoteza fedha nyingi katika wakati ambao haikuwa na za kupoteza, na kufikia mwaka 1973 BSA yenyewe ilikuwa imemezwa na kampuni nyingine. Kuanguka kwa BSA kulikuwa na sababu nyingi, wakiwemo Wajapani na usimamizi mbaya, na sisemi kwamba vilima vya Uingereza viliiua. Nasema kwamba Ariel 3 ilichukua uzito na msuguano wa gurudumu la tatu ikaukabidhi kwa injini ya baiskeli, na kwamba chombo cha namna hiyo kilikuwa kimeshindwa hesabu kabla hakijafika dukani.

Honda waliichukua mbinu ya Wallis, wakailipia haki, na mwaka 1981 wakatoa Stream, ikifuatiwa mwaka 1982 na Gyro. Gyro bado ina ukoo wake barabarani Japani. Ile yenye paa, iliyotoka mwaka 1990, ikawa chombo cha kupeleka chakula majumbani. Kwa nini Honda walifanikiwa kwa injini ya ukubwa uleule ulioizamisha Ariel 3? Ubora wa kazi ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni sheria: chombo cha cc 50 nchini Japani hakiruhusiwi kubeba abiria, na mwendo wake wa juu kisheria ni kilomita 30 kwa saa. Honda hawakuhitaji kuahidi kwamba Gyro itambeba mke na mume hadi juu ya kilima. Walimjengea mtu mmoja mwenye sanduku la chakula, na katika mipaka hiyo kikawa chombo bora kabisa. Huo ndio ushahidi ninaoutegemea zaidi katika hoja hii: kwa robo karne, kuanzia 1981, skuta inayolala ya magurudumu matatu iliishi kwa amani pale tu ambapo mtu wa pili hakuwepo.

Mtu wa pili alirudi mwaka 2006, na aliyemrudisha ni Piaggio. MP3 ilipindua mpango: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, na kati ya yale ya mbele mikono minne ya aluminiamu iliyoyaruhusu yalale pamoja hadi digrii 40. Ilikuwa kazi nzuri mno ya uhandisi, na naisifu bila kusita, kwa kuwa ilitatua tatizo ambalo Ulaya yote ya mawe yaliyolowa ilikuwa nalo: gurudumu la mbele likiteleza kwenye pikipiki, dereva yuko chini; kwenye MP3 jingine hubaki limeshika. Lakini mikono ile, springi zake, gurudumu la ziada na breki yake viliifikisha skuta kilo 200. Ilitoka kwa injini mbili, cc 125 yenye farasi 15 na cc 250 yenye 22 na nusu. Ile ya 125 ilibeba karibu mwili uleule kwa theluthi mbili ya nguvu. Watu wawili juu yake wanafanya kilo 350, na mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 50 kwa saa unachukua farasi 6 na nusu kabla ya upepo na kabla ya mkanda kuchukua chake. Inafika, lakini kilichobaki cha kulipita lori hakipo. Sasa tazama kiwanda kilivyojibu. Mwaka uliofuata ikaja cc 400 yenye farasi 34, na Gilera, chapa ya nyumba hiyohiyo, ikatoa Fuoco ya karibu cc 500 yenye farasi 40. Ndani ya muda mfupi injini ilikuwa imekua mara nne ya ile ndogo. Wapinzani walipofika hawakuja na injini ya toroli: Peugeot Metropolis ya mwaka 2013 ilianza na cc 400. Yamaha Tricity ya mwaka 2014 ndiyo iliyothubutu kuanza na 125, na iliweza kwa kupunguza uzito kuliko MP3, njia ileile ya D'Ascanio.

Haki inanilazimu kutaja sababu nyingine ya injini kubwa, kwa maana haikuwa milima peke yake. Ufaransa ilikuwa na kanuni kwamba chombo cha magurudumu matatu chenye upana wa kutosha kati ya magurudumu ya mbele kiendeshwe na mwenye leseni ya gari, bila ya leseni ya pikipiki. Piaggio wakaipanua MP3 kidogo, wakaiita LT, na maelfu ya watu wa Paris waliochoka na foleni wakaingia kwenye skuta za cc 400 na 500 ambazo vinginevyo wasingeruhusiwa kuzigusa. Baadaye sheria ikadai kwanza mafunzo ya saa 7. Paris, ukiacha Montmartre na Belleville, ni mji tambarare. Kwa hiyo injini nyingi zinazofaa mlima zilinunuliwa na watu wasio na mlima, kwa ajili ya karatasi ya leseni, na leo zimo katika soko la vilivyotumika zikimngoja mtu wa Genova au Lisbon anayezihitaji kwa kazi yake halisi. Hilo ni moja ya mambo mazuri ambayo sheria hufanya bila kukusudia.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Gurudumu la tatu, mtu atasema, halikuwekwa lipande mlima bali lisianguke, na kulihesabu kama deni ni kusahau linacholipa. Nakubali nusu nzima ya hoja hii, na nusu hiyo iko upande wa kushuka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: watu wawili kwenye mteremko uliolowa huegemea mbele, uzito wote unakalia gurudumu la mbele, na hapo kuwa na matairi mawili na diski mbili za breki mbele badala ya moja ni faida ambayo injini yoyote haiwezi kuinunua. Chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama Ape na bajaji, hakipati faida hiyo. Kwenye kona ya kushuka chenyewe hutaka kupinduka kuelekea upande wa nje na mbele, ndiyo maana dereva mzoefu hufunga breki kabla ya kona, si ndani yake. Kwa hiyo deni si sawa kwa koo zote mbili. Ukoo unaolala, wenye mawili mbele, hulirudisha kwa sehemu kila unaposhuka. Ukoo wa mzigo hulipa njia zote mbili.

Yote haya humfikia mnunuzi kwa mkono, na historia ikisomwa hivi inamwambia pa kugusa. Kwenye MP3 au ndugu zake mlima haukai kwanza kwenye injini. Unakaa kwenye mkanda, rola na klachi. Skuta hizi hazina gia za kuchagua. Mkanda hupanda na kushuka kati ya puli mbili, rola zikiusukuma kwa mzunguko, na kwenye mwinuko wenye watu wawili mfumo mzima unakaa muda mrefu pale panapouma. Mkanda uliokonda na rola zilizochongeka upande mmoja havionekani kwenye picha ya tangazo, wala havisikiki chombo kikisimama. Vinajulikana kwa kumpakia mtu wa pili, kusimama katikati ya kilima na kuondoka tena: klachi inayoteleza itatoa harufu ya kuungua, na mzunguko wa injini utapanda kabla chombo hakijasogea. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amejibu swali. Kisha kuna kifungo kinachoshika magurudumu ya mbele yasilale wakati wa kusimama, fahari ya MP3 tangu siku ya kwanza. Wengi hukichukulia kuwa breki, na mlimani kosa hilo ni la hatari. Kifungo huzuia chombo kisilale upande; hakizuii kisirudi nyuma. Ndiyo maana kiwanda kiliweka na breki ya mkono. Anayenunua skuta ya kuegesha kwenye mteremko, abiria akiwa bado amekaa, ajaribu breki hiyo kwa bidii ileile anayoijaribu injini, na mfumo wa mafuta unaoshika ule mlalo auangalie kama unavuja, kwa kuwa chombo kizito namna hii kikilegea na watu wawili juu yake hakizuiliki kwa mguu.

Kuhusu ukubwa, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wauzaji wengi. Kwa mtu mmoja, 125 inatosha karibu popote. Kwa wawili na vilima, 250 iliyotunzwa ndiyo mwanzo wa mazungumzo, na 400 yenye kilomita nyingi kwenye kitabu kamili cha matengenezo naiweka mbele ya 125 iliyokaa bandani miaka kumi ikionekana mpya. Injini kubwa inayopanda bila kukaza huchakaa polepole kuliko ndogo inayokazwa kila siku, na kilomita zilizopatikana Paris si sawa na kilomita zilizopatikana Napoli. Ni swali rahisi ambalo wanunuzi hulisahau: chombo hiki kimeishi wapi? Mnunuzi wa bajaji anaweza kuliuliza vilevile, kwa sababu ile iliyofanya kazi kwenye tambarare ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ile iliyopandisha Ipogolo kila siku, hata zikiwa na mwaka mmoja na rangi moja, hazina ringi za aina moja.

Ape yenyewe, iliyoanzisha yote haya, ilikoma kutengenezwa Pontedera mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya miaka 76, kanuni za Ulaya za moshi na usalama zilipozidi kile ambacho chombo kidogo namna ile kingeweza kubeba bila kuongezewa uzito. India inaendelea kuitengeneza, huko Baramati, kwa ajili ya barabara nyingine. Wakulima wa Liguria na mafundi wa Amalfi ambao vichochoro vyao havijapanuka tangu mwaka 1948 bado wanaihitaji kama zamani, na kuanzia sasa kila Ape ya petroli itakayopanda huko itakuwa imetumika na mtu mwingine kabla yao.